Tundu Katika Barua ya Kahindi

Sifa ni zake Bwana, ndugu zangu, hata zikitoka katika sauti ndogo kama hii yangu!

Wengi mwanijua. Mimi ni Dama, binti wa yule mama auzaye mahamri kando ya barabara ya Magongo. Mwanijua pia kwa kunyamaza. Nikisimama mbele za watu ulimi hukauka, ndiyo maana haya nimeyaandika, mengine nimeyanakili kutoka daftari langu la kila siku, na nitayasoma bila kuinua macho. Mnisamehe.

Nilikuwa mfungwa, ndugu zangu. Si wa pombe wala wa uganga. Nilikuwa mfungwa wa stempu! Msicheke. Pale skuli msichana mmoja alinionyesha gazeti lenye tangazo la muuzaji wa Amerika, na humo mlikuwa na seti ya stempu saba zenye picha za ndege. Mmoja wao alikuwa mwekundu kama pilipili iliyoiva. Tangu siku ile nikifumba macho kusali, namwona yeye. Katika daftari nimekuta nimeandika: "Leo mahubiri yalikuwa ya nini? Sijui. Nilikuwa nawaza ndege."

Seti ile ilikuwa dola mbili na nusu, yaani kama shilingi kumi na nane za kwetu. Nilizipata kwa kusuka watu nywele miezi minne. Nikaenda kwa Mzee Salim mwenye duka, ambaye barua za ng'ambo zamjia tangu siku za baba yake, nimwulize namna ya kutuma.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wataka kununua nini huko mbali?"

"Stempu, Mzee. Zilizokwisha tumika."

"Zilizotumika! Wallahi, njoo kesho nami nikuuzie sufuria iliyotoboka!" Alicheka mpaka kofia ikamhama kichwani. Kisha akanitazama vyema. "Lakini sikiza, mwanangu. Pesa nayo hulipa nauli ikivuka bahari. Ukituma kumi na nane, hazifiki kumi na nane. Posta watakata yao, na benki ya kule itakata yake kwa kuzigeuza shilingi ziwe dola. Ongeza, au ngoja."

Sikuongeza, kwa kuwa sikuwa na kitu. Sikungoja, kwa kuwa sikuweza. Laiti ningalingoja!

Jibu lilikuja baada ya majuma mengi. Muuzaji aliandika kwa upole. Benki yake imekata ada ya kubadilisha, na hesabu imepungua dola moja. Ndege sita amenitilia humo humo ndani ya bahasha, ila yule mwekundu, mwenye thamani kuliko wote, amebaki naye. Lakini kama fedha sina, angepokea badala yake stempu moja iliyotoka bandari yoyote ya Mashariki. Akaongeza kwamba nisiibandue. Niikate pamoja na karatasi yake, mhuri wa posta uonekane wote, ndivyo wakusanyaji wapendavyo.

Ndugu zangu, nyumbani kwetu palikuwa na stempu moja tu ya namna hiyo.

Kaka yangu Kahindi alikuwa mpishi melini. Aliondoka amegombana na mama, maana mama hakutaka aende, na wote wawili walisema maneno ya kuchoma. Alikufa kwa homa hospitalini Kolombo, bandari ya huko Mashariki. Barua yake ya mwisho, aliyoituma kutoka huko huko, ilitufikia baada ya habari ya kifo. Ilikuwa ile karatasi nyepesi ya buluu inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe, stempu nje, maandishi ndani. Mama hajui kusoma. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akiosha mikono, akiitoa katika kopo la biskuti na kuniambia, "Haya, nipe mwanangu." Nami nikimsomea.

Na nyuma ya stempu ile palikuwa na maneno, mistari minne. Nilijua! Siwezi kusimama hapa niseme sikujua. Nilijiambia, haya nayajua kwa ghibu, mama haoni herufi, atasikia yale yale. Nikachukua rula na wembe, mchana mwangavu, mama akiwa barabarani na karai lake.

Ndege mwekundu akaja. Nikamweka kwenye albamu pamoja na wenziwe. Furaha yangu haikumaliza juma.

Maana maneno yalianza kunitoka kichwani. Kila Jumapili nilipofika penye tundu niliweka langu, na juma lililofuata nikaweka lingine.

"Mbona leo Kahindi asema vingine?" mama aliniuliza siku moja. "Juma lililopita aliniomba nimsamehe. Leo asema yeye amenisamehe mimi."

"Ni yale yale, mama."

"Hm," akasema.

Nilimtia marehemu maneno kinywani, ndugu zangu, miezi mitano!

Mwaka wa Kahindi ulipotimia, Mwalimu Yona wetu wa kanisa alikuja nyumbani kuomba nasi, na majirani wakaja. Mama akampa barua. "Leo aisome mwanamume," alisema, "nipate kuisikia kama sauti yake."

Mwalimu alisoma vizuri. Kisha akakatiza mstari katikati. Akaiinua karatasi penye mwanga wa mlango, nasi tukaliona jicho lake kupitia katikati.

"Mama Kahindi, hapa pana tundu."

"Panya!" mama akalia. "Nilisema mimi, kopo lile halifungi! Dama, si panya?"

"Ni panya, mama."

Ndiyo, nilisema hivyo. Mlango wa kutubu ulikuwa wazi, nami nikaupita kando nisiingie.

Mwalimu alipitisha kidole ukingoni. "Panya gani huyu akataye kwa rula? Panya huyu amesoma."

Majirani wakacheka. Mama hakucheka. Katika nyumba yetu aliyesoma ni mmoja.

Hapo, ndugu zangu, Bwana akanishika! Nilisema yote, ndege, dola, wembe, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuisikia. Ule uongo ukanitoka kama mwiba utokavyo na usaha wake, na tangu saa ile sijasema mwingine juu ya barua hiyo. Haleluya!

Lakini mama hakunipiga. Laiti angenipiga. Aliuliza tu, "Sasa, alisemaje? Alinisamehe, ama aliomba nimsamehe?"

Nikafungua kinywa. Sikukumbuka. Mama naye, kwa kusikia maneno yangu ya kubadilika-badilika, hakukumbuka tena.

Nilimwandikia muuzaji anirudishie stempu ya Kahindi. Akajibu kwa masikitiko kwamba amekwisha kuiuza kwa mtu asiyemjua, akaniletea hundi ya dola moja iwe fidia. Niliipeleka benki mjini. Karani akaigeuza-geuza. "Binti, ada ya kuibadilisha ni kubwa kuliko yenyewe." Ninayo bado, ndani ya daftari. Albamu nilitaka kuichoma, mama akanizuia mkono. "Wacha. Karatasi iliyopotea yatosha."

Namshukuru Mungu kwa kunifungua, na kwa mama ambaye bado huniita mwanangu. Nawe uliye na tundu uliloliziba kwa maneno yako, mwamini Yesu, lifungue mbele zake. Kilichoandikwa pale Yeye anakijua, hata sisi tukikipoteza.

Jumapili bado naisoma barua. Nikifika pale nanyamaza, siweki kitu. Mama naye hunyamaza, mikono yake mibichi kwa maji. Kisha husema, "Haya, mwanangu. Endelea."