Ombi Nililolikunja Mara Nne

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na bonane ya mwaka mpya kwenu nyote. Mkiitikia amina, itikieni polepole, kwa sababu ushuhuda nilio nao leo si wa kupigiwa makofi. Mmenizoea nikisimama hapa mbele na kikwembe kilichopigwa pasi, nikishukuru kwa sauti ya mwalimu, kila neno mahali pake. Leo sikupanga kitu. Nina karatasi mbili tu mkononi.

Wageni hawanijui. Mimi ni Madame Antoinette, ninafundisha kalasi ya tatu hapa hapa mtaani Shari. Nina mume na watoto wanne. Niliokoka zamani, kabla vijana wengi wa kwaya hawajazaliwa, na nilipenda sana kuwakumbusha jambo hilo.

Mnajua desturi yetu. Jumapili ya kwanza ya mwaka Pasta anagawa karatasi. Juu imeandikwa NASHUKURU, na mistari kumi. Chini imeandikwa NAOMBA, na mistari mingine kumi. Unaandika, unakunja mara nne, unaweka jina lako kwa nje, unatia ndani ya kikapu. Miaka yote mashemasi waliziombea karatasi zile, kisha wakazichoma nyuma ya kanisa. Sisi tuliimba, tukaenda nyumbani kula kuku. Kwa hiyo kila mtu aliandika alichotaka, akijua moto utafuta.

Mwaka jana, siku kama ya leo, mimi nilikuwa na shida moja, na shida ile ilikuwa na jina. Ni Mama Zawadi, yule pale karibu na mlango, mwenye kitambaa cha kijani. Alikimbia vita kwao upande wa ziwa, akafika Bunia na watoto wawili na sufuria moja. Mume wangu ni mtu wa huruma. Alimpa nyumba ndogo iliyo nyuma katika kiwanja chetu, parsele yetu, akasema akae mpaka kwao kutulie. Nilikubali mbele ya watu. Nilikuja hata kushuhudia hapa kwamba tumepokea mgeni, na mlinishangilia.

Lakini Mama Zawadi anauza samaki wa chumvi kutoka ziwani Kasenyi. Aliwaanika juu ya bati, hatua chache tu kutoka kamba yangu ya nguo. Nilikwenda kufundisha nikinuka samaki, na watoto wa kalasi wakasemezana chini chini. Tena aliimba alfajiri akifagia, wimbo mmoja tu, na maneno yenyewe hakuyajua yote. Halafu mtoto wangu wa mwisho akaanza kumwita mama mudogo. Alikula kwake, akarudi kwangu ameshiba. Hapo ndipo paliponiuma, ndugu zangu. Samaki walikuwa kisingizio.

Basi nikaandika. Upande wa juu niliweka maneno matatu: Asante kwa yote. Mistari tisa ikabaki mitupu. Mungu alikuwa amenilisha mwaka mzima, alikuwa amemrudisha mume wangu salama kila safari ya kupeleka mizigo Komanda, na mimi mwalimu nikakosa sentensi ya pili. Upande wa chini maneno yalikuja yenyewe. Nitawasomea, ni mwandiko wangu huu: "Bwana, mwaka huu niondolee Mama Zawadi na samaki wake. Nimechoka na harufu yake. Mpeleke popote, mradi iwe mbali na macho yangu."

Niliandika harufu yake. Hata samaki sikuwasingizia tena. Nilimwandika yeye, mama mwenzangu, mbele za Mungu, kama kitu kilichooza.

Nilikunja karatasi mara nne, nikaibana kwa ukucha, nikaitia ndani ya kikapu. Ndipo Pasta aliposimama akasema mwaka huu hatuchomi. Kila mtu atachukua karatasi ya mwenzake, ataiombea kila siku bila kumwonyesha mtu mwingine, na Jumapili ya mwisho ya mwaka atamrudishia mwenyewe hapa mbele. Ninyi mlifurahi. Mimi nilinyoosha mkono nikaomba nirudishiwe karatasi yangu, nisahihishe kosa dogo la mwandiko. Nilidanganya pale pale, ndani ya nyumba ya Mungu. Shemasi akacheka akasema, "Madame, Mungu hana biki nyekundu ya kusahihishia." Kikapu kikapita.

Mwaka ule niliishi kwa hofu. Nilimtazama kila mtu usoni nikijiuliza, ni huyu? Siku moja mama kiongozi wa kwaya alinikazia macho wakati wa matangazo, na kesho yake nikampelekea mayai. Baadaye niligundua alikuwa anatazama mshono wa nguo yangu. Mayai yakawa yameliwa.

Nilianza pia kuwa mwema kwa Mama Zawadi, ila mbele ya watu tu, ili siku ile karatasi ikitokea niweze kusema mtu mwingine ameandika kwa jina langu. Nilimpa sabuni, kipande kizima, mashemasi wakiwa wamekuja kututembelea. Mlisema, tazama upendo. Sabuni ile nilimpa ili aoge. Na karatasi niliyoichukua mimi kikapuni, ya mzee mmoja aliyeomba miguu yake ipone, niliiombea wiki mbili, kisha nikaisahau ndani ya Biblia. Mzee, uko hapa. Unisamehe.

Mwezi wa tatu Mama Zawadi alikuja kwenye mlango wa jiko langu, mikono nyuma.

"Madame," akasema, "unifundishe kusoma. Niko nataka kusoma kitu moya tu."

"Biblia?" nikamuuliza.

Akacheka. "Iko kitu ya Mungu."

Nilikubali upesi, kwa sababu niliona habari hiyo itakavyopendeza hapa kanisani. Na kweli nilikuja kuwaeleza, wiki ile ile. Basi kila nilipotoka shule tuliketi mlangoni pa jiko na kaye moja ya kuandikia na biki moja, a, e, i, o, u. Alinawa mikono mara mbili kabla ya kugusa kitabu changu. Nilimwona anavyonawa, na sikumwambia kwamba si lazima. Lakini niseme ukweli wote: alijifunza haraka kuliko watoto wangu wa kalasi, na siku nyingine tulicheka mpaka chakula kikaungua. Nilikuwa nikisahau kwamba simpendi. Kisha jioni nilikuta nguo zangu kwenye kamba zikinuka, nikakumbuka.

Mwezi wa nane alisoma ukurasa mzima bila kusimama, na nilimpigia makofi. Kesho yake hakuja. Kesho kutwa vilevile. Alifagia bila kuimba. Samaki aliwahamishia nyuma kabisa, karibu na choo, mahali ambapo jua linafika kidogo tu. Nilifikiri anaumwa, na sikwenda kuuliza. Kwa kweli nilifurahia kamba yangu ya nguo.

Siku ya saba alirudi na kaye yake. Macho yalikuwa yamevimba.

"Kusoma imetosha, Madame," akasema. "Sasa unifundishe kuandika."

Nikamfundisha kuandika. Ninyi mmekwisha kuelewa. Mimi, niliyesoma mpaka diplome, sikuelewa kitu.

Jumapili ya mwisho ya mwaka ilifika. Niliamka nikasema kichwa kinaniuma. Mume wangu akanitazama. "Weye kila mwaka unatangulia, leo kichwa?" Nikavaa, nikaja. Mmoja mmoja mlisimama mkarudisha karatasi, mkasema Mungu alivyotenda. Nilihesabu watu waliobaki. Kisha Mama Zawadi akasimama kule mlangoni, akatoa mfuko mdogo wa plastiki kifuani, na ndani ya mfuko karatasi. Akatembea moja kwa moja mpaka kwangu. Nikaona jina langu kwa nje, limepigiwa mstari jinsi ninavyopiga kwenye madaftari ya watoto.

Pasta alifurahi sana. Akasema, "Mama, sasa unajua kusoma. Tusomee sote." Mlicheka, mlishangilia, mlinigeukia mimi mwalimu wake. Niliinamisha kichwa nikaangalia sakafu. Macho aliyosomea nilimpa mimi mwenyewe.

Akafungua. Akaweka kidole chini ya maneno, jinsi nilivyomfundisha, akaanza juu. Mistari yangu tisa mitupu ilikuwa imejaa. Mliyasikia siku ile, yasikieni tena, ni maneno yake kama alivyoyaandika:

"Asante kwa yote. Madame alipona malaria. Bwana yake alirudia muzima ku Komanda. Mutoto yake mukubwa alipita kalasi. Madame alinipatia sabuni. Mvua haikuangusha nyumba. Madame alinifundisha kusoma. Madame alinifundisha kuandika. Leo Madame alicheka na miye. Madame iko na roho muzuri, Mungu umusaidie aione."

Alishukuru kwa niaba yangu, ndugu zangu. Herufi za kwanza zimepinda, kubwa kubwa, za mwisho zimenyooka. Na ile sabuni ameiweka humo.

Pasta akauliza, "Na ombi?" Mama Zawadi akaikunja karatasi kwenye mikunjo yangu ile ile. "Ombi ni ya Madame na Mungu, Pasta. Lakini imejibiwa." Akanipa, akarudi mlangoni. Mliimba. Wengine mlinikumbatia. Nilikuwa nimekaa pale nimekufa kwa aibu na watu wananipongeza.

Nilimfuata nje, kando ya ukuta. Nikamuuliza kama aliisoma yote.

"Nilisoma," akasema. Akanieleza kwamba siku ile ya kikapu shemasi alimsomea jina la nje tu, akafurahi kwamba ni mimi. Hakutaka mtu mwingine amsomee ya ndani, maana Pasta alisema ni siri. Akawa anaishika tu asubuhi na kuomba akifagia. Ndiyo sababu alitaka kujifunza, ajue ninachomwomba Mungu, aniombee vizuri.

"Na ulipojua, ukaendelea?"

"Nililia siku sita. Kiisha nikasema, miezi saba niko namuombea, nitaacha namna gani? Ni weye nilipewa." Akaongeza, "Tumepata nyumba Mudzipela. Kiisha bonane tutahama. Sina kasirani, Madame. Ile ya chini, Mungu amekujibu."

Nilimwomba abaki. Niliishika mikono yake. Nilimwambia nilikosa, nilisema maneno yote niliyoyajua, na maneno ninayo mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilishakusamehe mwezi wa nane. Lakini watoto wanataka nyumba yabo." Na alihama, siku moja baada ya bonane, vitu vyote kwenye moto, pikipiki mbili. Mtoto wangu wa mwisho alikimbia nyuma ya moto mpaka barabarani.

Kesho yake, ndiyo jana, nilifua. Nikaanika, na zilipokauka nikazinusa. Zilinuka sabuni tu. Parsele ilikuwa kimya. Mungu alikuwa amenipa nilichoomba, neno kwa neno. Mtoto akaniuliza mama mudogo atarudi saa ngapi, nami nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nikalia kama mtu aliyefiwa.

Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Sikuona nuru, wala sikusikia sauti. Niliona mistari tisa. Nikaanza kushukuru, jambo moja moja, bila kupanga maneno, na nilipomaliza mambo yangu nikamshukuru Mungu kwa Mama Zawadi, kwa jina lake na kwa samaki wake. Kitu kigumu kilichokaa kifuani mwangu mwaka mzima kilitoka. Nilijua kimetoka kwa sababu nilitaka kumwona, na hakuna aliyekuwa ananitazama.

Nilichukua moto nikaenda Mudzipela. Nilimkuta akipanga mawe ya kuanikia. Alinipa samaki na bugali, nikala mpaka mfupa. Nilimwambia kwamba leo nitasimama niisome ile ya chini mbele yenu. Akasema, "Usiisome, Madame, watakucheka." Nikamwambia wacha wanicheke. Nikamwomba pia asiniite Madame tena. Bado anasahau.

Ndugu zangu, mlinijua kuwa mwanamke wa shukrani. Sikuwa. Nilikuwa mwanamke wa maneno. Aibu haijanitoka, na Pasta ananiambia itatoka. Sina haraka nayo. Nimesamehewa na huyu mama, nimesamehewa na Bwana wangu, na aibu hii inanikumbusha ni nani aliyenishikilia katika maombi nilipokuwa namfukuza.

Wewe uliye na biki mkononi asubuhi hii, usikimbilie NAOMBA. Kaa kwanza pale juu. Tafakari mwaka uliopita, siku kwa siku ukiweza, watu kwa majina yao, na kama mistari haijai, muulize jirani yako, anaweza kuwa anaona zaidi yako. Mwamini Bwana. Huenda yule usiyependa kumwona ndiye aliyepewa jina lako.

Karatasi yangu ya mwaka huu ni hii ya pili. Juu nimejaza mistari yote kumi, nimeandika mpaka pembeni. Chini nimeandika jambo moja, lenye jina lile lile la mwaka jana. Sikuikunja.

Mama Zawadi, yaya, dada yangu mkubwa, njoo hapa mbele. Jumapili iliyopita wewe uliishia juu ili kunisitiri. Leo soma hii mpaka chini.