Hisa za Sabuni

Faida hiyo inagawanywa kwa hisa ngapi?

Niliuliza hivyo saa tano kasorobo asubuhi, nimesimama mbele ya benchi lililo kati ya chumba cha mjomba cha kushonea na banda la fundi baiskeli. Walikuwa watatu kama kawaida. Mjomba, futi yake ikining'inia shingoni. Fundi baiskeli, tunayemwita Breki kwa sababu akianza kuongea hana. Na Mhariri, karani mstaafu ambaye kazi yake siku hizi ni kununua gazeti. Sheria ya benchi ni moja: aliyenunua gazeti ndiye msomaji, na hakuna mwingine wa kulishika mpaka amalize kikombe chake cha kahawa. Mhariri hunywa kahawa kidogo kidogo, kama mtu anayekunywa dawa. Na siku hiyo alikuwa ameacha miwani nyumbani, kwa hiyo alisoma maandishi makubwa tu.

Maandishi makubwa yalisema kiwanda cha sabuni kimepata faida ya milioni mia mbili, kodi na gharama zote zikiwa zimeshatoka. Mwaka jana ilikuwa mia. Hisa moja bado inauzwa shilingi sitini, bei ile ile ya mwaka jana. Kwa hayo tu, mjomba alikuwa ameamua kuuza mashine yake ya kudarizi, ile inayoshona nembo za sare na kunilipia chuo, ili pesa yote anunulie hisa hizo. Mnunuzi angefika saa tano na mkokoteni.

— Faida mara mbili, bei mara mbili, alisema mjomba. Mia na ishirini. Hili halihitaji chuo.

— Mara mbili ni woga, Breki akadakia. Joto linazidi, watu wanatoka jasho, watu wanaoga. Weka mara tano.

Mhariri akasema bei imeshikiliwa chini makusudi, ili watu wadogo wasishtukie. Breki akaapa kwamba mwakani mjomba atakuwa kwenye bodi, amekalia kiti cha kuzunguka. Nikamwona mjomba, mtu mwenye akili zake timamu, anapapasa kola kana kwamba suti imeshafika.

Nikarudia swali langu. Breki akaniambia hesabu za chuo ziishie chuoni. Nikamwomba Mhariri gazeti, kwa adabu zote nilizofundishwa.

— Subiri, mwanangu. Kikombe hakijaisha.

— Kimebaki nini humo, mzee? Machicha?

— Sheria ni sheria.

Nimeshiriki midahalo mbele ya watu mia tatu, nikapingwa na watu wenye hoja. Hawa hawakuwa na hoja, walikuwa na kikombe. Mkokoteni ukasikika unakata kona. Basi nikalinyakua gazeti.

Walinitazama ungedhani nimempiga mtu kofi. Mstari mdogo wa chini kabisa ulisema mwaka jana hisa za kiwanda zilikuwa milioni kumi. Mwaka huu wameuza nyingine mpya, sasa ni milioni arobaini.

— Mwaka jana, nikasema, gawanya mia kwa kumi. Kila hisa ilipata kumi, na watu waliinunua sitini, yaani mara sita. Mwaka huu gawanya mia mbili kwa arobaini. Kila hisa imepata tano. Watu wakilipa mara sita ile ile, ni thelathini. Wewe unakwenda kulipa sitini.

— Lakini faida si imeongezeka? akasema mjomba.

— Imeongezeka, na hisa zimeongezeka kuizidi. Ukiletewa vitambaa viwili badala ya kimoja, halafu watoto wa kuwashonea wakawa wanne badala ya mmoja, mashati yatakuwa marefu zaidi?

Hapo mjomba akakunja uso. Breki akasema huenda ni makosa ya uchapaji. Mhariri akasema mstari wenye maana hauwezi kuandikwa kwa herufi ndogo namna ile, na kwamba gazeti lake nimelikunja.

Mnunuzi alikuwa ameshafika mlangoni, anakunjua kamba za kufungia mashine. Akatoa bahasha mfukoni na kumnyooshea mjomba. Mjomba akamtazama Breki, akamtazama Mhariri, mkono ukiwa njiani.

Nikamwekea gazeti mapajani, na juu yake chaki yake ya kukatia.

— Usiniamini mimi, mjomba. Gawanya mwenyewe kabla hujapokea bahasha.