Celedonio Ruiloba, Mshambuliaji Aliyesubirishwa

Wapendwa wote mliopanda mlima huu hadi makaburi ya Castromar, tena kwa mvua hii, familia inawashukuru. Mmekuja kumzika Celedonio Ruiloba Gandarillas, Cele wetu, mfungaji ambaye mji huu haujapata mwingine. Klabu ya Unión Castromar iliomba leo, saa kumi jioni, jeneza lake lipitishwe uwanjani, lifunikwe bendera yao na lipigiwe tarumbeta. Hilo tutalifikia. Wasifu huu unasomwa na Begoña, mpwa wa marehemu, lakini maneno mengi ni ya mjane wake, Bi Obdulia, ambaye amekataa kulia mpaka yasomwe yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 30 Agosti 1924, kwenye nyumba ya juu ya bandari, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Wenceslao Ruiloba, seremala, na Bi Gumersinda Gandarillas. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Celedonio, kwa hiyo jina halikumsumbua mtu. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto alitoka akitanguliza mguu wa kushoto, na mkunga akala teke la kidevu. Huenda alitia chumvi. Makipa waliokutana naye baadaye waliamini kila neno.

Alisoma kwa mabruda kuanzia 1930 hadi 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofunga shule. Hesabu aliziweza, sala zilimshinda. Bruda Teódulo alimkuta siku moja akipiga mpira wa matambara kwenye mlango wa kanisa.

"Ruiloba! Unajua huo ni mlango wa nani?"

"Wa Mungu, Bruda. Ndiyo maana hauna kipa."

Alichapwa, na Bruda akageuza uso ili asionekane akicheka. Baada ya hapo Cele aliingia karakana ya baba yake, akajifunza useremala.

Mwaka 1942 aliichezea Unión kwa mara ya kwanza. Mwaka 1947 magoli yake yaliipandisha ligi kuu, na wanaume waliokuwa hawajawahi kubusu wake zao hadharani waliwabusu siku hiyo. Alifunga kwa kichwa, kwa goti, na mara moja akiwa amekaa chini kwenye tope. Waandishi wa magazeti hawakukubaliana idadi, ila hakuna aliyeandika chini ya mia mbili. Mwaka 1951 klabu kubwa ya mji mkuu ikamtaka. Cele akavaa shati safi, akaenda kwa Don Fulgencio Escalante, mwenye kiwanda cha dagaa, mwenyekiti wa klabu, mtu ambaye kwa jinsi alivyotembea ungedhani hata mvua ni yake.

"Don Fulgencio, niachie niende. Nina miaka ishirini na sita. Mguu haungoji mtu."

"Utaenda nikitaka mimi. Kwa sasa, kaa usubiri."

Siku hizo sheria ilikuwa hivyo: mkataba ukiisha, klabu iliweza kumshikilia mchezaji kadiri ilivyopenda, acheze asicheze. Don Fulgencio alimshikilia misimu miwili mizima, kwa sababu tu Cele alithubutu kuomba. Kila Jumapili ya mechi nyumbani alilazimishwa kuvaa suti na kuketi kwenye kiti cha mbao chini ya jukwaa kuu, ili watu wote wamwone. Unión ikifunga, Don Fulgencio alimgusa begani kwa bakora yake na kumwambia, "Umeona, Cele? Tunaweza bila wewe." Unión haikufunga mara nyingi. Miguu ile, iliyokuwa bora katika pwani yote hii, ilizeekea kwenye kiti. Familia haijasamehe jambo hili na haina mpango huo.

Marehemu alifunga ndoa na Bi Obdulia Cuevas, mfanyakazi wa kiwanda cha dagaa, tarehe 12 Oktoba 1952, siku ya Jumapili. Asubuhi walitoka kanisani, na mlangoni wakamkuta mtu wa klabu akisema Don Fulgencio hajatoa ruhusa, kuna mechi jioni. Cele akamtazama mkewe. Obdulia akamshika mkono.

"Haya, twende basi," alisema. "Akitaka kukuona, atuone wote wawili."

Akaenda na gauni lake la harusi, akaketi kwenye ngazi ya saruji kando ya kiti cha mumewe, akafungua kitambaa na kutoa mkate wa dagaa wa chumvi. Wakala karamu yao hapo, mbele ya watu elfu kadhaa. Doa la mafuta ya dagaa lingali kwenye gauni lile. Obdulia hajawahi kujaribu kulitoa.

Mwaka 1953 Don Fulgencio alimwachilia, goti likiwa limekakamaa na klabu kubwa zikiwa zimemsahau. Cele akaenda kuchezea Peñarrubia, kijiji cha jirani chenye uwanja wa kuchungia ng'ombe. Unión nayo ikawa inaporomoka, ligi baada ya ligi, mpaka ikafikia ligi ya Peñarrubia. Tarehe 15 Aprili 1956 timu hizo mbili zilikutana Castromar, siku ya mwisho ya ligi, Unión ikihitaji sare tu isishuke tena. Cele alifunga matatu kabla ya mapumziko. Baada ya la tatu hakurusha mikono wala hakupiga kelele. Alitembea taratibu hadi chini ya jukwaa kuu, akavuta kile kiti, akaketi, akakunja nne, akamtazama Don Fulgencio.

"Bwana Ruiloba," refa alisema, "mchezo unaendelea."

"Samahani, refa. Hapa nimepazoea."

Unión ilishuka. Usiku huo Castromar kulikuwa kimya, isipokuwa nyumba moja ya juu ya bandari.

Alipoacha mpira alibaki na karakana. Alitengeneza meza, milango, viti vingi, na majeneza ya mji mzima, maana seremala mwingine wa majeneza hakuwepo. Hata Don Fulgencio alipofariki, Agosti 1971, kwenye joto lile, mwanawe Leandro alikuja mbio karakanani.

"Cele, baba ametutoka. Tunataka jeneza la mwaloni. Haraka, askofu anakuja leo."

"Pole sana, Leandro. Mwambie asubiri."

"Asubirije? Amekufa!"

"Basi hana haraka."

Akamaliza kwanza kiti cha jikoni cha jirani yake. Kisha akalitengeneza jeneza bila kuiba hata msumari, akalipiga msasa mpaka likang'aa, kwa sababu hakujua kufanya kazi mbovu. Lilipokuwa tayari, askofu alikuwa amekwisha kuondoka, na mazishi yakasogezwa hadi kesho yake. Mnaokumbuka joto la mwaka ule mnajua maana ya kesho yake. Uwanja wa Unión leo unaitwa kwa jina la Don Fulgencio. Cele hakukanyaga humo tena.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwaka 1986, kutokana na vumbi la mbao. Mwezi uliopita Leandro, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wa klabu, alikuja kumwona, na kofia yake ameishika mkononi.

"Cele, tunataka kukupa heshima yako. Siku ikifika tutakupokea langoni, tukuingize uwanjani, picha yako tuitundike kando ya baba."

Cele alivuta pumzi kidogo aliyokuwa nayo. "Mtanisubiri?"

"Tutakusubiri hata siku nzima."

Marehemu alicheka mpaka akakohoa, akageuza kichwa kwenye mto wa kitanda. "Obdulia, umesikia?"

"Nimesikia."

Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya jana, Jumanne tarehe 8 Novemba 1988, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Leandro alipokuja kuuliza habari za jeneza, Obdulia alimjibu, "Nyie subirini langoni." Hakuahidi kitu kingine. Misa ilisaliwa saa tisa. Padri Severino hakugonga kengele, akisema kamba imemsumbua. Habari ilipita mdomo kwa mdomo kati ya wanawake wa dagaa, ndani ya kiwanda kilekile cha Escalante, na ndiyo maana mko hapa nyote.

Sasa saa kumi imepita. Leandro yuko langoni na bendera yake, wakurugenzi wake wako na suti zao, wapiga tarumbeta wamejipanga, na upande ule wa uwanja hauna paa. Hakuna atakayeteremka kuwaambia. Mtu akiona huruma, aje kwanza nyumbani alitazame lile gauni.

Marehemu ameacha mjane, Bi Obdulia, mwenye ruhusa ya kulia sasa. Mabinti wawili, Nieves na Araceli, pamoja na waume zao. Wajukuu watano, mmoja wao akitumia mguu wa kushoto. Na dada yake, Bi Benita.

Pumzika, Cele. Kazi ya kusubiri wameichukua wengine.