Mama Dorothée na Kuta Zake Nyeupe

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Dorothée Nabindu, mkunga mkuu wetu hapa hospitalini Baraka, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuzalisha. Wenzangu wameniomba mimi Aline, mkunga msaidizi wake, niandike maneno matamu. Nitajaribu, lakini jamani, mama huyu ametuchosha!

Amewapokea bamama wa Kazimia wanaofika kwa mtumbwi na wa Kilembwe wanaofika kwa pikipiki, hata katika miaka ya risasi wengine walipokimbia. Amewapokea na kuwagombeza. Papa Mpano alipomleta mke wake kutoka Minembwe, aliingia na buti zenye matope. Mama Dorothée akamkabidhi kitambaa, na mwanaume akapiga deki mpaka mtoto akalia. Binti yule leo anaitwa Dorothée.

Sasa tuje kwenye rangi. Jengo jipya la maternité, lenye chumba cha kuzalishia, liliposimama, mama alitangaza kanisani na sokoni kwamba mtoto wa kwanza wa chumba kile atampokea kwa mikono yake, ndipo aende kupumzika. Ilibaki kupaka rangi tu. Na huku kwetu nani hajui? Juu nyeupe, chini mpaka kifuani kahawia nzito, ili uchafu usionekane. Mama akiwa msibani Kazimia, Fundi Déogratias akapaka kahawia yake, ikapendeza. Tungefungua wiki ileile.

Mama akarudi, akaingia, akashika kiuno. Ikwanguliwe yote! Chumba kiwe cheupe juu hadi chini. Tukabembeleza, tukanuna, daktari mwenyewe akaja akashindwa. Kuta nyeupe zitaoshwa na nani kila siku kama si sisi? Jibu lake halikubadilika: «Mi sitaki ukuta yenye inaficha damu. Mwenye anaingia aone, aoshe.»

Fundi akakwangua huku akilalamika. Alipopaka nyeupe, kahawia ikachungulia, chumba kikawa rangi ya uji ulioungua. Akapaka tena, na tena, na mvua haikutaka kitu chochote kikauke. Yesu wangu, kichwa kigumu kile! Tulimwambia usoni kwamba akiendelea hivi, siku yake ya kuondoka itafika chumba bado kimefungwa. Alijibu kwamba kalenda anaijua.

Na imefika. Rangi bado inanata kidoleni. Chumba kitafunguliwa Jumatatu, na mtoto wa kwanza nitampokea mimi. Jana nilimkuta mama amesimama mlangoni, hataki kuingia asije akachafua sakafu. Nilitaka kumgombeza, kwa mara moja tu maishani mwangu. Nikalia.

Mama Dorothée, aksanti kwa bamama wote uliowarudisha nyumbani wazima, na aksanti kwa hasira zako pia. Mungu akupe uzee mwema na usingizi usiokatizwa na mtu kubisha hodi. Kuta zako tutaziosha kila siku, tukinung'unika.