Babu Breki na Dakika Nne za Korido

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kusukuma machela katika hospitali yetu, mwenzetu tunayemwita Babu Breki anastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo lilitokana na jinsi alivyopunguza mwendo kwenye kona, mpaka wauguzi wakamtania kwamba machela yake ina leseni.

Alianza kama mfagizi, akahamia machela mwaka wake wa pili. Kutoka wodi ya wanawake hadi chumba cha upasuaji ni mwendo wa dakika nne, na humo alifanya kazi isiyokuwa kwenye mkataba wake. Alimwinamia mgonjwa akamuuliza, "Nikuombee?" Aliyekataa alisukumwa kwa upole uleule. Aliyekubali aliombewa kwa jina lake, kwa sauti ya chini, bila mbwembwe. Mganga mkuu mmoja alimwita ofisini kumhoji. Alitoka na sharti moja tu, kwamba mgonjwa asicheleweshwe. Hakumchelewesha hata mmoja.

Mwaka wa kumi na tisa alimwombea binti wa miaka kumi na sita. Binti alifia kwenye meza ya upasuaji. Mama yake, fundi cherehani, alimkuta Babu koridoni akamkamata ukosi wa sare mbele yetu.

"Ulimwambia nini huyo Mungu wako?"

Babu hakujitetea, wala hakumhubiria. Kwa miezi mitano alisukuma machela bila kumuuliza mgonjwa yeyote swali lile.

Kisha mama yuleyule akaletwa, ana uvimbe tumboni. Babu aliomba abadilishiwe zamu. Hakukuwa na mtu mwingine. Katikati ya njia mama akafumbua macho.

"Mbona kimya, Babu? Niombee."

Alisimama. Sala ilimkatikakatika mdomoni, na mama ndiye aliyesema amina kwa wote wawili.

Mama alipona. Babu hajidai kwa hilo. Anasema hata yule binti aliyefariki aliombewa kwa moyo wote. Lakini asubuhi iliyofuata upasuaji wa mama tulimsikia tena akimwinamia mgonjwa na kuuliza.

Mama huyo fundi yuko nasi leo, safu ya pili. Suti aliyovaa Babu, ameishona yeye.

Babu Breki, ahsante. Pumzika vyema, ufurahie wajukuu, na ujue kwamba kuanzia sasa nawe unaombewa kwa jina lako.