Miaka Thelathini na Mmoja ya Mafaili Yasiyo na Majina

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, karani mkuu wa kitivo chetu cha uhandisi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Nyinyi mnamwita Mama Mafaili. Mimi mpika chai wenu namwita mwanangu, maana alinikuta hapa na birika langu, yeye msichana mwembamba, viatu vinambana. Haya nimeyasema mimi, mjukuu wangu ameyaandika, na ndiye anayewasomea.

Siku aliyoripoti kazini hapakuwa na mhadhiri mwanamke hata mmoja. Choo cha wanawake ghorofa ya pili kilikuwa stoo ya mafagio yangu, na hakuna aliyelalamika. Nani alikihitaji?

Kazi yake ilikuwa kuandaa mafaili ya walioomba uhadhiri. Akaona jambo. Kamati ilifungua ukurasa wa kwanza tu, wenye jina na picha, kisha faili likafungwa. Huyu mwanamke, atakuwa wa kuomba likizo kila mara. Huyu jina lake ni la watu wa kule. Mimi namimina chai, nayasikia yote. Mpika chai ni kama kiti, watu hawamwonei haya.

Basi mwaka wake wa nne, bila kumwomba mtu ruhusa, akaanza mtindo wake. Ukurasa wa kwanza anautoa, kurasa za ndani anazipiga chapa upya bila jina, juu ya jalada anaandika namba. Kurasa alizozitoa anazifungia kwenye droo mpaka kamati iamue. Ufunguo akanipa mimi, kwa sababu sijui kusoma. Hata wangenibana ukutani, ningewatajia nini?

Mwaka huohuo kamati ilimsifu namba nane mpaka chai ikapoa. Wakatia saini. Droo ikafunguliwa, kumbe namba nane ni mwanamke, tena ni wa watu wa kulekule waliokuwa wakiwadharau, tena ana mtoto wa miezi mitatu. Mkuu wa wakati ule akapiga meza, akamwambia mwanangu akusanye vitu vyake. Lakini yeye akauliza, kwa sauti ya mbu, aandike vipi kwenye kumbukumbu za kikao: kwamba namba nane ameshindwa baada ya kushinda? Mkuu akakaa, saini zikabaki, na mtindo nao ukabaki. Leo namba nane ni mkuu wa idara ya barabara na madaraja. Wahadhiri wanawake ni kumi na saba, na mafagio yangu yamefukuzwa chooni.

Sasa niseme linaloninyima amani. Mtindo huu haujaandikwa popote. Uko mikononi mwake tu, na mikono hiyo inakwenda nyumbani. Mafaili kumi na mawili ya kikao cha Jumatatu ameshayaandaa, ndiyo kazi yake ya mwisho. Lakini juzi napita na sinia, nikamsikia profesa mmoja akimwambia karani mpya autafute ufunguo wa droo, arudishe kurasa mahali pake, michezo ya namba imekwisha. Karani mpya akacheka, akaitikia.

Mwanangu naye anaogopa. Jana alikaa jikoni kwangu, chai hakuigusa, akaniuliza mara tatu kama ufunguo ninao.

Mkuu wa kitivo, najua umekaa mstari wa mbele. Unapenda sukari vijiko viwili, na hupendi kuaibishwa mbele ya watu. Andika mstari mmoja kwamba mafaili yataendelea kusomwa kwa namba, utie saini, ndipo keki ikatwe.

Nawe mwanangu, asante. Umetetemeka miaka yote hiyo na hukuacha hata faili moja. Kapumzike, ufuge kuku wako, ulale mpaka jua likuguse miguu. Maisha yako ya mbele yawe mepesi.

Mimi ni kibarua, tarehe ya kustaafu sina. Jumatatu nitakuwa mlangoni na birika, ufunguo umefungwa kwenye pindo la nguo yangu, na kusoma bado sijui.