Kitanda cha Chumba Six Cent Douze

Ninyi wa meza ile ya nyuma, munaonong'ona tangu misa iishe kwamba Maman Bibiane alidharau zawadi ya hoteli, fungeni midomo. Mumekula samaki wake, mumekunywa bia yake, munakalia viti alivyovipanga mwenyewe asubuhi na magoti yake ya kuuma, na bado munamusema. Hamuna haya? Habari munayoisema hamuijui. Anayeijua ni mimi.

Bon. Sasa salamu. Muheshimiwa Directeur wa hoteli, Monsieur Maarten, uliyekubali kufika mupaka hapa Laeken ijapokuwa tangu uingie hujacheka. Padri Willem, uliyeishi kwetu Kivu miaka ishirini na sita na sasa unazeeka Bruxelles kama sisi. Mademoiselle Sofie, mukubwa wetu sisi wanawake wa kusafisha vyumba. Maman Wivina, unayefua mashuka yetu kule chini. Papa Onésime, mume wa mwenye sherehe. Ndugu wageni waalikwa, wazazi na watoto: nawasalimu kila mumoja kwa cheo chake, na asiyetajwa asinune. Padri, nimeona unamutafsiria Monsieur sikioni. Tafsiri yote. Usipunguze ukali, usitie sukari.

Mimi ni Émérance. Shule niliishia darasa la pili kwa masista, lakini kwa kazi ya chumba hakuna wa kunifundisha. Nimefanya miaka kumi na saba katika hoteli ile ya karibu na stesheni ya Gare du Nord, na Bibiane, anayepumzika kazi leo, amefanya kumi na nne. Nani alimuonyesha namna ya kushika fagio la mashine? Nani alimuambia kwamba kioo cha bafuni hukauka vizuri kwa gazeti kuliko kitambaa? Ni mimi. Hata kona ya shuka, ile naikunja mara mbili kiisha naisukuma kwa ubavu wa mukono, inakaa kama ukingo wa bahasha, nilimufundisha yeye peke yake. Akajifunza vizuri. Nitasema kweli: akanipita. Yeye alimaliza vyumba kumi na sita, mimi niko kwa cha kumi na tatu natafuta soksi ya mugeni chini ya kitanda. Wageni walimuachia chokoleti na kadi ya asante. Mimi waliniachia magazeti ya jana.

Mwaka juzi hoteli ikafungwa kwa matengenezo, miezi kumi na sita, na mwaka huu wa 1997, mwezi wa tatu, ikafunguliwa. Ninyi mulioiona ya zamani, na zulia lake la kunuka sigara na bomba zake za kulia ukutani, hamungeijua. Sasa kuna asansere, lifti ya vioo. Chini kuna sakafu ya mbao ya kung'aa, kitanda kina mito mine, bafu ni jeupe, muntu murefu analala ndani bila kukunja magoti, na nyuma ya mulango inaning'inia kanzu nzito ya taulo. Kila siku nilivigusa vile vitu vyote. Kugusa na kulalia ni kitu kimoja? Nani kati yenu amefuta bafu miaka kumi na saba bila kutia hata muguu mumoja ndani?

Alors, Monsieur Maarten akaleta barua: kwa sababu Maman Bibiane anaenda pensheni, atalala siku mbili hotelini, samedi na dimanche, jumamosi na jumapili, kama mugeni kamili, na ataleta muntu mumoja atakayemuchagua mwenyewe. Muntu mumoja. Siku ile ile nilienda kununua pantufle mupya, ndara za kuvaa chumbani, rangi ya bluu. Nilijua ni mimi. Nani mwingine?

Akamuchagua Wivina.

Maman Wivina, usiangalie chini, sijasema wewe ni mubaya. Nasema tu kwamba pantufle zile ziko kwenye kabati mupaka leo.

Jumamosi mchana nilikuwa kazini ghorofa ya sita. Wakapiga simu kwamba chambre six cent douze, chumba 612, wanaomba taulo. Nikabisha. Bibiane akafungua, amevaa ile kanzu nyeupe, uso umepata mafuta, anang'aa kama bibi arusi.

"Yaya, ingia basi uone." Ananiita yaya, dada mukubwa, tangu siku ya kwanza.

"Nimeleta taulo. Sikuja kutembea."

Nyuma yake Wivina amelala kitandani, anakula biskuti, ananipungia mukono.

"Kwa nini si mimi?" nikamuuliza.

Akacheka. "Yaya, na wewe humu ningepumzika? Ungepitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi."

Alisema kweli. Nilikuwa nimekwisha kupitisha kidole kwenye ubao wa mulango. Lakini je, ukweli unapunguza wivu? Wangu uliongezeka. Nilishuka ngazi, asansere niliiacha, sikutaka kujiona ndani ya vioo vyake.

Kesho yake, jumapili, Bibiane na Wivina wakatoka mapema kwenda misa. Mademoiselle Sofie akanipa karatasi ya ghorofa ya sita. Wasiojua, sikilizeni: kwenye ile karatasi, chumba ambacho mugeni amelala tunaweka duara, na chumba ambacho hakulala tunaweka mustari. Nikafungua six cent douze. Kitanda kimetandikwa. Bafu limefutwa, ni kavu. Glasi zimeoshwa, taulo zimekunjwa, hata pipa la takataka limemwagwa, sijui alipeleka wapi.

Munashangaa nini? Ninyi wa Kivu, semeni: mwanamuke wa kwetu akilala kwa watu, anaweza kutoka asubuhi na kuacha kitanda wazi, watu waje wainue shuka lake? Ni aibu mbele ya mwenye nyumba. Zaidi aliyefanya kazi ile miaka kumi na nne, anayejua muntu wa kuja kukitandika ni mwenzake. Alinitandikia mimi. Alitaka nikae kitako dakika kumi na tano.

Na mimi nilijua. Niliinama nikaangalia kona ya shuka: imekunjwa mara mbili, imesukumwa kwa ubavu wa mukono. Hakuna mwingine katika hoteli ile anayeikunja hivyo. Nikasimama, nikachukua kalamu, nikaweka mustari.

Ndiyo, Padri, umesikia vizuri. Mutafsirie. Mustari.

Mademoiselle Sofie akapeleka karatasi kwa Monsieur. Monsieur akaona mugeni wake hakulala, na siku hiyo hoteli imejaa watu wa mukutano, wengine wanakosa vyumba. Akasema kama zawadi haitakiwi, apewe anayeitaka. Bibiane aliporudi kutoka misa alikuta valizi yake, sanduku lake la nguo, chini kwenye mapokezi. Hakuuliza. Aliichukua, akaenda kupanda tramu. Hivi ndivyo alivyodharau zawadi.

Wiki iliyofuata nilimukuta Matonge, mutaa wetu Waafrika, katika Galerie d'Ixelles, anasukwa. Akaniuliza mbele ya wasusi, "Yaya, nilikosea nini mule? Nilivunja kitu?" Nikamujibu, "Usijali, ndiyo namna ya wazungu." Na wakati nasema hivyo, nilikuwa naangalia musuko wake, namna unavyomupendeza, nikaona wivu tena. Mupya kabisa. Nimetembea nao wiki saba.

Donc, Monsieur Maarten, usimununie yeye. Uninunie mimi, nimebakiza miaka miwili kwako, utapata muda. Lakini na wewe nikuulize: muntu amekufanyia kazi miaka kumi na nne, unaamini mustari wa kalamu kuliko yeye? Ulishindwa kumuuliza swali moja? Mademoiselle Sofie, na wewe?

Bibiane, mdogo wangu, ulikuwa mufanyakazi bora kuliko sisi wote, kuliko mimi. Sikulisema hilo hata siku moja, na leo linaniuma kulisema. Msamaha nauomba mbele ya hawa hawa waliokusema. Kama utaninyima, ni haki yako, lakini sema kwa sauti, usinyamaze kama ulivyonyamaza kwenye mapokezi. Wivu haujaniisha. Ukirudi kwenye kitanda kile, na wivu utarudi tena. Sitaupa kalamu, basi.

Ninyi nyote nawashukuru kwa masikio yenu; mumekaa kimya vizuri kuliko nilivyotegemea.

Sasa sikilizeni kazi. Monsieur, usiku ule wa pili haukulaliwa na mwenyewe: urudishe, leo hii, six cent douze, si chumba kingine. Papa Onésime, nenda nyumbani ulete valizi ya muke wako. Wivina, utaenda naye, ulianza, umalize. Na wewe Bibiane, kesho asubuhi ukiamuka, toka, funga mulango, kitanda ukiache wazi kama kilivyo. Nitakuja kukitandika mimi.